Wiski haizeekei kabatini: dhana potofu nilizochoka kuzisikia dukani

Jamani leo tuelewane. Haupiti muda lazima aje mtu dukani na Johnnie Walker Black ya marehemu babu, kaifuta vumbi vizuri, "kaka hii ilikuwa ya miaka 12, mzee kaiweka miaka 20, kwahiyo saivi ni ya miaka 32, unanipa bei gani?" Nikimwambia mkuu hii bado ni ya miaka 12 anakunja uso utadhani nimetaka kumdhulumu urithi.

Wiski inakomaa kwenye pipa, basi. Ikitoka mtamboni haina rangi hata chembe na ni kali balaa, kule Uskoti wengi wanaitia pipani ikiwa na alkoholi kama 63.5%, na hapo ndo mbao za mwaloni zinaanza kazi. Ndani ya pipa pameunguzwa moto, ule mkaa unafyonza harufu ya salfa, mbao zinatoa vanila na rangi na ukakasi fulani hivi, hewa inapenya kidogo kidogo, na pombe yenyewe inavukia nje mwaka hadi mwaka. Sheria yao inataka angalau miaka 3 kwenye pipa la mwaloni lisilozidi lita 700, na iwe humohumo Uskoti. Sasa niambie, kioo kinatoa vanila gani? Kinafyonza nini? Ile 12 kwenye lebo ni umri wa wiski changa kuliko zote zilizochanganywa humo, na hesabu inaishia siku ilipotiwa kwenye chupa. Iache kabatini mpaka wajukuu waoe, ni 12 tu.

Tena kabatini inaweza kuharibika. Wengine wanailaza kama divai, kosa kubwa, pombe kali inakula kizibo mpaka kinamomonyoka, isimamishe wima na iwe mbali na jua la dirishani. Ukishaifungua ndo kabisa, ikibaki robo chupa hewa imejaa humo na harufu inapotea mdogo mdogo, kwahiyo acha kuitunzia wageni ambao hawaji, inywe. Najua mtaniambia mbona mnadani chupa za zamani zinauzwa hela ndefu, ndiyo, zinauzwa kwa sababu ni adimu, na mnunuzi kitu cha kwanza anakagua kinywaji kimeshuka kiasi gani shingoni mwa chupa.

Haya, "kadiri inavyozeeka ndo inavyokuwa tamu". Si lazima. Uskoti inavukia kama 2% kwa mwaka, piga hesabu ya miaka 30 uone, inakaribia nusu ya pipa, ndo maana bei inapaa. Lakini pipa likiwa na nguvu sana unaishia kunywa mbao, chungu na kavu mdomoni, na alkoholi ikishuka chini ya 40% hawaruhusiwi tena kuiuza kama Scotch, yaani wiski ya Uskoti. Joto nalo lina mambo yake. Amrut, kiwanda cha wiski, wako Bangalore, India, kwao inavukia zaidi ya 10% kwa mwaka, wakisubiri miaka 25 watakuta pipa karibu tupu, kwahiyo wanauza wiski changa na ni nzuri kweli. Mimi binafsi ukinipa ya miaka 15 iliyokaa kwenye pipa zuri la sheri, ile divai kali ya Hispania, siitamani hiyo yako ya 30.

Rangi nyeusi eti ndo ya zamani? Sheria ya Uskoti inaruhusu kutia karameli, rangi ya sukari iliyounguzwa (E150a), ili chupa zote zifanane. Rangi peke yake haikuambii umri, acheni kuinua chupa kwenye taa mkitikisa kichwa kama mafundi.

Maji nayo eti ni ushamba. Wachanganyaji wakuu wa Uskoti wenyewe wanaipunguza kwa maji mpaka kama 20% ndo wanainusa, sembuse wewe. Tia matone kadhaa, nusa, ongeza ukitaka. Barafu inaficha harufu, kwahiyo kwenye wiski ya miaka 18 usiijaze glasi barafu, ila kwa joto la Dar na chupa ya bei ya kawaida sitakugombeza.

Na singo molti haimaanishi imetoka pipa moja. Ni kiwanda kimoja, shayiri iliyooteshwa, mapipa hata mia.