Mtaalamu wa vekta anafanya kazi gani?

Ukimsikia mzazi wa Muheza akisema kijana wake "anafanya kazi ya mbu", usidhani anashinda na bomba la dawa mgongoni. Vekta ni mdudu anayebeba vimelea vya ugonjwa kutoka kiumbe mmoja hadi mwingine: mbu wa malaria na matende, mbung'o wa malale, usubi wa upofu. Mtaalamu wa vekta humsoma mdudu huyo mpaka ajue pa kumkatia njia.

Chukua anofelesi, mbu wa malaria. Anayeuma ni jike, kwa kuwa anataka damu akomaze mayai. Akinyonya vimelea leo, kesho bado hawezi kukuambukiza. Vimelea huhitaji siku kumi hivi au zaidi kukomaa na kufika kwenye tezi zake za mate, na mbu wengi hufa kabla. Wa kuogopwa, basi, ni mbu mzee.

Utamjuaje? Asubuhi mitego ya taa hukusanywa vyumbani, ilikolala ikining'inia kando ya vyandarua. Mtaalamu humlaza mbu kwenye kioo, ndani ya tone la maji, akashika sindano mbili na kuvuta ncha ya tumbo polepole hadi vifuko vya mayai vitoke. Vikikauka, huvitazama kwa hadubini. Vimirija vya hewa vikiwa vimejiviringa nchani kama uzi, mbu huyo hajawahi kutaga. Vikiwa vimenyooka, ameshataga, na damu ameshaionja kabla. Mkono ukitetemeka, mbu amepotea. Miaka ya 1950 na 1960 mtafiti wa mbu aitwaye Gillies na wenzake walifanya kazi kubwa ya kupima umri wa mbu hapo hapo Muheza. Nguvu ya chandarua chenye dawa inaeleweka vizuri ukilijua hili: hata kisipowamaliza mbu, kinawanyima uzee.

Mbu wa matende ana tabia nyingine, huzaliana kwenye maji machafu ya vyoo vya shimo. Makunduchi, Unguja, mwaka 1988, chembe nyepesi za plastiki zilimwagwa vyooni zikaelea juu ya maji, viluwiluwi vikakosa pa kuvutia hewa. Hilo lilikwenda pamoja na kuwapa watu dawa.

Kazi ninayoiona ya fahari zaidi ilifanyika Tanga mjini. Kituo cha utafiti kilifuga mbung'o kwa mamilioni, kikiwalisha damu kupitia utando mwembamba. Madume walipigwa mionzi wasiweze kuzalisha, wakamwagwa Unguja kwa ndege kuanzia 1994. Jike la mbung'o kwa kawaida hupandwa mara moja tu. Akimpata dume tasa, hana kizazi. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa kisiwani humo 1996.

Anayeitaka kazi hii aanze na biolojia na kemia shuleni, kisha aingie kwenye afya ya mazingira, maabara au sayansi ya wanyama. Ubingwa wa wadudu huja baadaye. Na awe tayari kuloa. Kwenye vijito vya Usambara, mabuu ya usubi wa huko hayashiki mawe. Lazima ukamate kaa, umgeuze, umkague gamba na miguu, maana yamejibandika mwilini mwake.