Predela: Ubao wa Chini wa Picha ya Altare

Anayezitazama picha za altare zilizochorwa Italia katika karne ya 15 huvutwa kwanza na ubao mkubwa wa juu, ambako Bikira Maria ameketi na Mtoto huku watakatifu wakiwa wamesimama kando kwa utulivu. Chini yake, karibu kabisa na meza ya altare, hukaa ubao mrefu mwembamba uitwao predela, na kwa maoni yangu hapo ndipo mchoraji alipojiachia, kwa sababu juu alibanwa na heshima ya ibada, ilhali chini aliruhusiwa kusimulia.

Mtawa Mdominiko Fra Angelico alichora picha ya namna hiyo kwa altare kuu ya kanisa la San Marco, Firenze, kati ya mwaka 1438 na 1443 hivi, kwa gharama ya Cosimo de' Medici, tajiri wa benki wa mji huo. Watakatifu wasimamizi wa ukoo wa Medici walikuwa Kosma na Damiani, matabibu wasiotoza malipo, na katika vipande 9 vya predela, vinane viliwahusu wao. Kipande cha katikati peke yake kilionyesha maziko ya Yesu, mwili ukiwa umeegemezwa mbele ya kaburi na kitambaa cheupe kimetandazwa chini, mahali ambapo padri aliyeinua hostia aliuelekea moja kwa moja.

Kipande kimoja kinamwonyesha Shemasi Justiniano amelala kitandani, pazia limefunguliwa, na matabibu hao wawili wamemwinamia. Mguu wake mmoja ni mweusi. Kwa mujibu wa hadithi, walimkata mguu uliooza wakamwekea wa Mwethiopia aliyekwisha kuzikwa, kisha ule mbovu ukapelekwa kaburini kwa marehemu, ambaye hata jina hakupewa.

Kwa kuwa kila tukio la predela hujitosheleza, wauzaji waliona urahisi wa kuitenganisha. Vipande vinne vya San Marco sasa viko Munich, na kimoja kimoja kiko Paris, Dublin na Washington. Justiniano amebaki Firenze, katika makumbusho ya San Marco, pamoja na ubao mkuu, ambao rangi zake zilichubuliwa vibaya na usafishaji wa zamani, hata vipicha vya chini vikawa vimehifadhika kuliko sura kubwa vilizozibeba.