Hesabu ya msafara: mzigo, posho na njia mbili za kwenda Buganda

Msafara siku hizi una sura nyingi. Hapa Kampala ni magari ya kiongozi yenye ving'ora, ni magari ya harusi yaliyofungwa riboni, ni bodaboda zinazomfuata mgombea wakati wa kampeni. Karavani nayo kwa wengine ni nyumba ya magurudumu inayovutwa na gari, na kwa madereva wa abiria ni ile Nissan. Ninaoueleza leo ni ule uliokuja kwa miguu kutoka pwani hadi kwa Kabaka, mfalme wa Buganda. Tunakariri nani alifika na mwaka gani, lakini ni nadra mtu kueleza alifikaje, na humo ndimo ilimo historia yenyewe.

Mfanyabiashara wa pwani anayetajwa kuwa wa mwanzo kufika Buganda ni Ahmed bin Ibrahim, aliyepokewa na Kabaka Suna mwaka 1844. Alipita njia ya kusini: Bagamoyo, Unyanyembe (ndiyo Tabora ya leo), Karagwe, kisha kuvuka mto Kagera. Speke, mpelelezi Mwingereza, alifuata njia hiyohiyo akafika kwa Kabaka Mutesa mwaka 1862. Kipande cha pwani hadi Unyanyembe peke yake kilikula karibu miezi mitatu, tena mambo yakienda sawa.

Tuanze na mzigo, maana kila kitu kilipimwa kwa shingo ya mpagazi. Frasila moja ni ratili 35, karibu kilo 16. Mpagazi alibeba kama frasila mbili, yaani kati ya kilo 27 na 32. Punda na ng'ombe hawakufaa kwa sehemu kubwa ya njia ya kusini kwa sababu ya mbung'o, hivyo hapakuwa na njia nyingine isipokuwa kichwa na bega la mtu, na wengi wa watu hao walikuwa Wanyamwezi.

Kufunga mzigo kulikuwa ufundi kamili. Chukua mtumba, yaani robota, wa merikani, ile nguo ya pamba isiyotiwa rangi. Nguo ilihesabiwa kwa doti, na doti moja ni shuka mbili, yaani mikono minane. Doti zilikunjwa na kupangwa moja juu ya nyingine, zikabanwa hadi zikawa kama mto mrefu na mnene wa karibu mita moja na nusu, kisha zikakazwa kwa kamba. Ubavuni palifungwa miti iliyotangulia mbele, ncha yake ikiwa na panda, yaani imegawanyika mara mbili. Kazi ya panda ilikuwa hii: mpagazi akitaka kupumzika aliuegemeza mtumba wima kwenye mti. Mzigo uliolala chini ulinyonya unyevu na kuliwa na mchwa, na kuuinua tena kutoka chini hadi kichwani kulihitaji mtu wa pili. Waya za shaba zilifungwa kwa koili na kuning'inizwa kwenye ncha mbili za mzegazega, mti uliobebwa begani. Shanga zilitungwa kwa kete, kete kumi zikafanya fundo moja, zikatiwa kwenye mifuko mirefu.

Shanga ndizo zilizofilisi watu. Kila nchi ilikuwa na rangi yake. Zile nyekundu, sami-sami, zilikubalika mahali pengi, lakini ukifika na rangi isiyotakiwa, frasila nzima haikununui kuku. Tajiri mwangalifu aliulizia kwa misafara iliyokuwa inarudi kabla hajanunua chochote pwani. Buganda ilitaka nguo, bunduki na baruti, na simbi pia, yaani kauri za baharini, ambazo Waganda walizitunga mia mia na kuzitumia kama fedha.

Siku ya safari ilianza kabla ya jua kuchomoza. Kirangozi, kiongozi wa njia, alishika bendera na kutangulia, na hakuna aliyeruhusiwa kumpita. Njia ilikuwa nyembamba, watu walikwenda mmoja nyuma ya mwingine, na msafara wa watu mia kadhaa ulitanda mwendo mrefu sana. Ndiyo maana penye njia panda kirangozi alikata tawi na kulilaza kwenye njia isiyo yake, ili wa nyuma wasipotee. Wanyampara, wasimamizi wa wapagazi, walikaa mkiani kuwasukuma waliochoka. Kufikia saa tano asubuhi kambi ilikuwa imepigwa. Kilomita 15 hadi 20 kwa siku zilitosha.

Palipokuwa na nyika isiyo na maji walitumia tirikeza, yaani mwendo wa alasiri. Watu walipika na kula adhuhuri kwenye maji ya mwisho, wakanywa, wakajaza vibuyu, wakaondoka alasiri. Walilala njiani bila maji, wakaamka usiku wa manane na kuyafikia maji mengine kesho yake kabla ya joto. Nyika ya siku mbili ililiwa kwa kiu ya usiku mmoja.

Sasa posho, na hapa naomba msomaji atulie kidogo. Posho ya mtu kwa siku ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka, takriban gramu 700. (Posho tunayoila Uganda leo na maharage imelirithi jina hilo.) Tuseme una wapagazi 100 wenye bidhaa, na mbele yenu kuna siku 15 zisizo na mashamba. Kila mtu atakula kilo 10.5, hivyo mia wanahitaji kilo 1,050. Utaajiri wabeba chakula, kila mmoja na kilo 30 zake. Lakini naye anakula kilo 10.5, kwa hiyo anachowaletea wenzake ni kilo 19.5 tu. Gawanya: unahitaji watu 54 zaidi, ambao hawabebi hata kipande kimoja cha nguo na wote wanadai mshahara. Ongeza siku kumi na hesabu inakuwa mbaya zaidi: kila mbeba chakula anabakiza kilo 12.5, na idadi yao inafika 140, wengi kuliko wabeba bidhaa wenyewe.

Hesabu hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini njia ndefu ya kusini ilipendwa kwa miaka mingi. Ilikuwa na vijiji, na kijijini chakula kilinunuliwa kwa nguo, hata kama ulilipa hongo, yaani ushuru wa kupita, kwa kila mtemi. Njia ya mashariki kutoka Mombasa ilikuwa fupi, lakini ukishaondoka Kikuyu ulipita Naivasha na nyanda za juu za Mau bila mashamba ya kukulisha, mpaka ushukie upande wa Mumias. Misafara ilitua Kikuyu kununua chakula na kumtwika kila mpagazi posho yake juu ya mzigo. Kilo 30 zikawa 40. Hapo watu walianza kuanguka, na wengine walitupa nafaka njiani ili kupunguza uzito, kisha wakafa njaa mbele.

Njia ya mashariki ilikuwa na hatari nyingine ya kisiasa. Baganda waliamini kwamba atakayeuteka ufalme atatokea Busoga. Askofu Hannington alipita huko na kuuawa Oktoba 1885 kwa amri ya Kabaka Mwanga, pamoja na wengi wa wapagazi wake. Jina la askofu linakumbukwa kila mwaka. Ya wapagazi yanastahili vilevile.

Kufika mjini mwa Kabaka hakukuwa mwisho wa kazi. Mgeni alisubiri mpakani hadi apate ruhusa, kisha akaonyeshwa pa kukaa. Wafanyabiashara wa pwani walikaa Natete, karibu na macho ya ikulu, na Kabaka ndiye aliyechagua bidhaa kwanza, hasa bunduki. Waliporudi walibeba pembe za ndovu, na waliongoza pia watumwa waliotekwa katika vita na nchi za jirani. Hilo lazima lisemwe wazi: wako walioingia katika msafara huo wakiwa na minyororo.

Magonjwa yalisafiri nao. Ndui ilienea kambini haraka kwa sababu watu walilala wamebanana, na mgonjwa aliyeachwa kijijini aliwaambukiza wenyeji. Miaka ya 1890 wakaja funza kutoka magharibi. Mpagazi pekupeku mwenye funza vidoleni alikuwa kilema ndani ya wiki, kama hawakutolewa mapema kwa ncha ya mwiba na mfuko wa mayai ukatoka mzima.

Reli ilifika Kisumu Desemba 1901, na shehena ya pwani ikaanza kuvuka ziwa kwa meli hadi Entebbe. Misafara ya Mombasa ikaisha, lakini upagazi haukuisha. Wafanyabiashara wa Kiswahili waliendelea kutoka Mbale kwenda Karamoja kutafuta pembe, na huko nchi ilikuwa kavu kiasi cha kuwatumia punda. Pamba ilipoanza kulimwa, mitumba yake nayo ilibebwa kichwani hadi ziwani. Reli ya Busoga, Jinja hadi Namasagali, ilifunguliwa mwaka 1912 na kuwatua baadhi ya watu hao mzigo. Wengine wote walisubiri malori.