Hati za kutazamia kodi: kukopa kwa kodi ambayo haijaingia

Kaunti ya Los Angeles, California, hufungua mwaka wake wa fedha tarehe 1 Julai. Tangu siku hiyo wafanyakazi wanasubiri mishahara, hospitali zake zinahitaji dawa, mahabusu wanahitaji chakula. Lakini kodi ya ardhi na majengo, tegemeo lake kubwa, hulipwa kwa awamu mbili: ya kwanza mwisho wake ni 10 Desemba, ya pili 10 Aprili. Kwa hiyo kuna miezi ya ukata kabla ya fedha ambayo kila mtu anajua itakuja.

Hati za kutazamia kodi huziba pengo hilo. Kaunti, jiji au wilaya ya shule huwauzia wawekezaji karatasi ya deni, na kuahidi kuwarudishia fedha zao pamoja na riba kodi ikishaingia, kwa kawaida ndani ya mwaka mmoja. Ni kama mkulima anayechukua mbolea kwa mkopo akalipa baada ya mavuno. Wanunuzi hukubali riba ndogo kwa sababu mara nyingi riba hiyo haitozwi kodi ya mapato ya serikali kuu ya Marekani. Makusanyo yakianza, sehemu hutengwa kwa ajili ya wenye hati tu.

Tusizichanganye na hati fungani ya miaka 20 ya kujengea daraja. Daraja watalitumia hata wajukuu. Mshahara wa Septemba huliwa Septemba. Ndiyo maana naona ni lazima deni hili liishe kodi ya mwaka uleule inapoingia.

Jiji la New York halikufanya hivyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 liliuza hati mpya ili kulipa za zamani. Zaidi ya hayo, katika kodi iliyotazamiwa lilihesabu hata ya majengo yaliyokuwa mali ya jiji lenyewe, kodi ambayo hakuna mtu angekuja dirishani kuilipa. Kufikia 1975 madeni yake ya muda mfupi yalikuwa takriban dola bilioni 6, na benki zikagoma kuliuzia hati zake kwa wawekezaji. Novemba mwaka huo bunge la jimbo likazuia wenye hati wasidai fedha zao mahakamani kwa miaka 3. Mwaka mmoja baadaye, Mahakama ya Rufaa ya New York ikaibatilisha sheria hiyo: kwa mujibu wa katiba ya jimbo, jiji lilikuwa limeweka rehani uaminifu wake na uwezo wake wa kukusanya mapato, na hazina kuwa tupu hakukufuta ahadi hiyo.