Kikuku, Akala na Kidole Gumba cha Mwanaume: Yasemwayo na Yaliyo Kweli

Mwanaume akipita stendi ya matatu ya Nakuru na ndara zake, hakuna anayegeuka. Akipita na ndara zile zile na kikuku cha shanga juu yake, makanga ana neno, mama wa mahindi ana neno, na abiria aliyekuwa amelala anaamka ili naye apate neno. Mengi ya maneno hayo yanarudiwa kutoka mdomo hadi mdomo bila mtu kuuliza yalitoka wapi.

"Pambo la mguuni ni la wanawake."

Anayesema hivi akiwa Kisumu hajawahi kumtazama mpiga nyatiti kuanzia magotini kwenda chini. Nyatiti ya Waluo ina nyuzi 8, na hupigwa kwa mikono miwili na mguu mmoja. Mpigaji hukaa kwenye kigoda kifupi, akavaa pete ya chuma iitwayo oduong'o kwenye kidole gumba cha mguu, akawa anaigonga kwenye mwili wa chombo huku vidole vya mikono vikicheza na nyuzi. Mguuni amefungwa gara, njuga za chuma zinazolia kila mguu unaposhuka. Mvue pete ile, na wimbo umepoteza ngoma yake.

Sasa kumbuka kwamba kwa desturi nyatiti ilikuwa ya wanaume. Mjapani Eriko Mukoyama, ambaye wengi wanamjua kwa jina la Anyango, alizungumziwa sana kwa sababu hiyo: alikuja Siaya kujifunza chombo ambacho wanawake hawakuwa wakikishika, na katika kujifunza ilimbidi avae pete ya mguu ya wanaume. Kwa hiyo ukanda huu, pete ya kidole cha mguu ilipohama, ilihama kutoka kwa mwanaume kwenda kwa mwanamke.

Kuna atakayesema pete ile ni kifaa cha kazi, si urembo. Hoja hiyo nusu yake naikubali. Lakini gara huvaliwa pia na wachezaji ambao hawapigi chombo chochote, na wanazivaa ili wasikike na waonekane, jambo ambalo ndilo kazi ya urembo popote duniani. Halafu kuna morani wa Kimaasai na Kisamburu, ambaye huvaa shanga shingoni, mikononi na kwenye vifundo vya miguu katika umri ule ule anaotarajiwa kuwa mlinzi wa boma na ng'ombe. Hakuna makanga wa Nakuru anayemwita yeye dada. Kijana wa Section 58, mtaa wa Nakuru, akivaa kikuku kile kile, alichokinunua kwa Mmaasai yule yule, kelele zinaanza. Shanga ni zile zile, kwa hiyo kinachochekwa ni kitu kingine: kijana wa mjini kuvaa kitu ambacho watu wamekizoea mguuni mwa mtu wa aina nyingine.

"Ni mambo ya kuiga, yameletwa na mitandao."

Karibu na Ziwa Naivasha kuna pango liitwalo Enkapune Ya Muto. Wachimbuaji wa mambo ya kale walipata humo shanga za maganda ya mayai ya mbuni zenye umri wa miaka ipatayo 40,000. Nani alizivaa, na sehemu gani ya mwili, shanga zenyewe hazisemi. Ila mitandao haikuwepo.

Wanaotetea "utamaduni halisi" nao wapoe kidogo. Shanga ndogo za kioo tunazoziita za asili zililetwa na misafara ya biashara kutoka pwani, na viwanda vyake vilikuwa Ulaya, hasa Venice na Bohemia. Akala nayo haikuweza kuwepo kabla ya tairi la gari. Fundi hukata soli kwenye tairi kuukuu, akakwepa lenye nyaya za chuma kwa sababu linamaliza kisu, kisha akakata mikanda na kuipigilia misumari. Leo ni kiatu cha kienyeji kabisa, na nenda soko la Kibuye, Kisumu, siku ya Jumapili uone kama kuna anayekiona cha kigeni.

Ukitaka ushahidi wa mbali, kaburi la mfalme Tutankhamun wa Misri liligunduliwa mwaka 1922. Mwili wake ulikuwa umevalishwa ndara za dhahabu, na vidole vya miguu vimefunikwa kimoja kimoja kwa vifuniko vya dhahabu.

"Kikuku mguu wa kushoto maana yake..."

Malizia mwenyewe, kwa sababu kila mtu anamalizia kivyake. Mmoja atakuambia kushoto ni mtu anayetafuta mchumba, mwingine kulia, wa tatu atakuambia ni ishara ya mapenzi ya jinsia moja, na hawa watatu wanaweza kuwa wamekaa meza moja. Ishara ambayo watu hawajakubaliana juu yake haiwezi kumwambia mtu chochote. Zipo jamii zenye makubaliano: kwa Wahindu wengi, pete za fedha kwenye vidole vya miguu huonyesha mwanamke ameolewa, na Kisumu ina familia za Kihindi zinazolijua hilo vizuri. Nje ya jamii yenye makubaliano ya namna hiyo, cheni ya mguuni ni cheni ya mguuni.

"Mwanaume wa heshima huvaa kiatu kilichofungwa."

Hapa kuna ukweli uliochanganywa na usahaulifu. Ni kweli ofisi nyingi zina masharti ya mavazi, na anayeenda kwenye usaili wa benki na patipati asilaumu utamaduni. Bunge lenyewe ni kali: mwaka 2011 mbunge wa Makadara, Gidion Mbuvi, alitolewa ukumbini kwa sababu ya vipuli na miwani ya jua, na Novemba 2023 Spika Moses Wetang'ula alipiga marufuku hata suti ya Kaunda.

Kilichosahauliwa ni jinsi kiatu cha kufungwa kilivyopata heshima hiyo. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, askari wengi Waafrika wa KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza) walitembea peku nyuma ya maafisa Wazungu waliovaa buti. Baadaye kiatu kikawa cha karani, cha mwalimu, cha mwanafunzi wa bweni. Kilitenga mwenye cheo na asiye nacho, na uanaume ukapachikwa juu yake baadaye, kana kwamba aliyepigana peku hakuwa mwanaume. Siku ya Iddi tazama wazee wanaoelekea msikitini na kanzu na makubadhi: vidole viko nje, na heshima iko kamili.

"Viatu vya wazi ni vibaya kwa afya." Na pia: "Viatu vya wazi ni salama siku zote."

Zote mbili si sahihi. Fangasi wa vidoleni hupenda joto na unyevu, kwa hiyo raba zinazovaliwa kutwa nzima kwenye joto la Kisumu huwafuga vizuri kuliko ndara. Lakini mwenye kisukari ambaye miguu imekufa ganzi anaweza kukanyaga msumari asijue, na yeye anahitaji kiatu kinachofunika. Fundi wa kuchomelea vyuma naye asivae ndara kazini, cheche haichagui. Na katika nyanda za juu zenye udongo mwekundu wa volkano, kutembea peku kwa miaka mingi kunaweza kuvimbisha miguu ya baadhi ya watu. Akala inasaidia, ila inabidi pia kunawa miguu kwa sabuni kila jioni, maana vumbi linaingia pembeni.

Kwa vikuku, adui mkubwa ni nikeli iliyo kwenye cheni za bei rahisi. Jasho huiyeyusha, ngozi inawasha na kutoka vipele, na mtu anadhani amerogwa. Shanga zilizotungwa kwa uzi, ngozi au fedha halisi hazina shida hiyo. Cheni ndefu inayoning'inia ivue kabla ya kupanda boda, kwa sababu karibu na kisigino chako kuna gurudumu.