Wazazi Wakiachana, Mazungumzo Yasikatike

Mtu mzima anayeugua mafua leo haifikirii talaka ya wazazi wake iliyotokea utotoni. Hata hivyo, mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, walichapisha utafiti uliowahusu watu wazima 201 wenye afya njema, ambao kwa hiari yao walitiwa virusi vya mafua puani, wakatengwa na kuangaliwa kwa siku kadhaa. Waliolelewa na wazazi waliotengana na wasiozungumza kabisa walikuwa na uwezekano wa kuugua mafua zaidi ya mara tatu kuliko waliokulia na wazazi wote wawili nyumba moja. Miili yao, ilipopambana na virusi, ilitoa kwa wingi kemikali zinazochochea uvimbe. Ama wale ambao wazazi wao walitengana lakini wakaendelea kuzungumza, hatari yao haikuzidi ya waliokulia na wazazi wote wawili.

Utafiti wa aina hii unaonesha uhusiano tu, wala hauthibitishi kwamba kununiana kwa wazazi ndiko kulikoleta maradhi. Lakini tofauti baina ya watoto wa waliotengana wakaendelea kuzungumza na watoto wa waliotengana wasizungumze inatuhusu sana hapa Pemba, ambako talaka si jambo geni na mtu hachekwi kwa kuachika.

Shauri likifika Mahakama ya Kadhi, huamuliwa talaka, ulezi wa watoto na masurufu. Ila hakuna hukumu inayoweza kuwalazimisha watu wawili kuamkiana. Mara nyingi mtoto ndiye anayegeuzwa tarishi: “Mwambie babako viatu vya skuli vimekwisha.” Akirudi na jibu kali, hujifunza kulilainisha kabla ya kumfikishia mama, na kazi hiyo ya kupima hasira za wakubwa huifanya kila siku, pengine kwa miaka. (Watu humsifu kuwa ana akili kuliko umri wake. Kwa maoni yangu, sifa hiyo ingetakiwa kututia wasiwasi.) Hofu isiyokatika huuweka mwili wa mtoto katika tahadhari, na tahadhari ya muda mrefu huvuruga usingizi na kinga ya mwili.

Kwa wazazi wasioweza kuonana bila ya kugombana, mjomba, shangazi au jirani anayeaminiwa na pande zote mbili anaweza kupeleka habari za homa, mitihani na mavazi ya sikukuu, mradi ujumbe huo usipitie kwa mtoto.