Podikasti za mahojiano: dhana zinazosikika sana na ukweli wake

"Mazungumzo yakiwa marefu, mgeni hawezi kujificha." Dhana hii inapendwa kuliko zote, na ndiyo inayopotosha zaidi. Mwanasiasa mzoefu huupenda muda mrefu, kwa sababu swali gumu humezwa na hadithi tatu zinazofuata. Tena mara nyingi ni yeye anayechagua aketi na nani. Oktoba 2024, wiki chache kabla ya uchaguzi wa Marekani, Kamala Harris alikwenda kwenye podikasti ya Alex Cooper, inayopendwa na wanawake vijana, naye Donald Trump akakaa karibu saa tatu kwenye ile ya Joe Rogan, yenye wasikilizaji wengi wanaume. Kila mmoja alijua anakwenda kuzungumza na wasikilizaji gani.

Kinachomfichua mgeni ni swali la pili. Akisema "uchumi wetu ulikua maradufu", mwendeshaji aliyejiandaa atauliza: kuanzia mwaka gani, na kwa kipimo kipi? Ambaye hakujiandaa atasema "ajabu sana!" na kuvuka. Hapo hata mkiongezewa saa nyingine mbili, hamtoki na kitu.

Urefu una hatari nyingine isiyosemwa sana. Saa ya kwanza mwanahistoria anaeleza Dola ya Ottoman aliyoichimba maisha yake yote; saa ya pili anatabiri akili mnemba itafanya nini na ajira za watu. Sauti ni ileile na kujiamini ni kulekule, lakini utaalamu ulishabaki nyuma. Mimi hujiuliza kila mada inapobadilika: je, hili nalo amelisomea?

"Ni maongezi tu, hayahaririwi." Vipo vipindi vinavyorushwa karibu vilivyo, lakini vingi hupita mezani kwa mhariri. Watu wakiwa mbalimbali, kila mmoja hurekodiwa kwenye kifaa chake, kisha sauti hizo mbili zinaunganishwa. Kwa hiyo kikohozi kinaondoka, kigugumizi kinaondoka, na jibu la dakika sita linabaki dakika mbili bila mshono kusikika. Kupunguza si kosa. Kosa ni mwendeshaji kurekodi upya swali lake baada ya mgeni kuondoka, akalifanya kali kuliko alivyouliza. Jibu halikuguswa hata neno, lakini sasa linaonekana la mtu anayekwepa.

"Mahojiano yamevamia podikasti juzi juzi." Hapana, yalikuwapo tangu mwanzo. Mwaka 2003 mwanahabari Christopher Lydon alirekodi mahojiano, na mtaalamu wa programu Dave Winer akayasambaza kwa mlisho wa RSS, yaani faili la mtandaoni linaloipa programu ya msikilizaji taarifa kila kipindi kipya kinapotoka, njia ambayo podikasti hutumia mpaka leo. Kufikia 2015 Barack Obama, akiwa bado rais, alihojiwa ndani ya gereji ya mchekeshaji Marc Maron mjini Los Angeles.

"Imepakuliwa mara milioni, basi imesikilizwa na watu milioni." Upakuaji maana yake ni faili kufika kwenye simu, basi. Mwaka 2023, kwa toleo la iOS 17, mfumo unaoendesha simu za iPhone, Apple ilibadili namna programu yake ya podikasti inavyopakua vipindi yenyewe. Awali, aliyeacha kusikiliza kwa muda kisha akarudi alishushiwa rundo la vipindi alivyovikosa, avisikilize asivisikilize. Utaratibu huo ulipokoma, takwimu za vipindi vingi zilishuka, hasa vile vinavyotoka kila siku, ingawa hakuna msikilizaji aliyekuwa ameondoka. Mfanyabiashara anayetaka kuweka tangazo lake akiuliza idadi, aulize pia wangapi walifika mwisho.

"Kasema mgeni, mwendeshaji hahusiki." Katika nchi nyingi, anayechapisha kashfa anaweza kushtakiwa pamoja na aliyeitamka, na kuweka kipindi hewani ni kuchapisha. Onyo la mwanzoni kwamba "maoni ni ya mgeni" halimkingi sana mwendeshaji, hasa pale ambapo sentensi hiyohiyo ya mgeni ndiyo aliyoikata na kuifanya kipande cha kutangazia kipindi.